Fito zilizogundishwa na kupindwa: kosa linaonekanaje, linatoka wapi, unafanya nini

Karakana yangu ni banda la mabati nyuma ya nyumba, hapa Katuba, Lubumbashi. Kuna msumeno wa meza, randa mbili, vibano kumi na saba (mafundi wengi wa hapa tunaviita kwa Kifaransa, serre-joint) na kalibu nyingi zilizotundikwa ukutani. Watu huniletea kazi zilizoharibika: mguu wa kiti cha kubembea ambao matabaka yake yamechanua kama kitunguu, mgongo wa kiti ulionyooka, tao la juu ya mlango lililopasuka mwezi wa kumi. Swali lao huwa moja: "Papa, kole gani ndiyo nzuri?"

Mara nyingi kole, yaani gundi, haina kosa. Kosa limefanyika kabla chupa haijafunguliwa, na mbao yenyewe inasema ni kosa gani ukiitazama vizuri pale ilipoachana. Kwa hiyo nimeyapanga matatizo jinsi yanavyoonekana kwa macho, na katika kila tatizo nimeanza na sababu ninayokutana nayo mara nyingi zaidi.

Ninaposema ufito, nina maana ya ukanda mwembamba wa mbao, kwa kawaida mm 2 hadi 5. Fito kadhaa hupakwa gundi, hulazwa moja juu ya nyingine, hubanwa kwenye kalibu yenye umbo unalolitaka, na gundi ikikauka zinabaki na mpindo huo.

Onyo moja kabla ya yote. Rundo la fito lililopindwa kwenye kalibu ni upinde uliovutwa. Kibano kikiteleza, ncha inaruka kwa nguvu ya kuvunja meno. Vaa miwani ya kazi, usisimame mkabala na ncha, na watoto wasiwe karibu. Ukisikia mbao inalia "ka, ka" wakati unakaza, acha kukaza. Ondoka mbele yake, legeza kibano cha mwisho, kisha utafute kinacholia.

Fito zinaachana ukishafungua vibano

Hili ndilo linaloletwa zaidi, nami nitalikalia kwa muda. Usitupe kipande. Chukua patasi pana, iingize palipoachana, fungua polepole, halafu peleka nyuso zote mbili nje juani na uzisome.

Ukiona gundi nene yenye mistari ya brashi bado imesimama, nyuso hizo hazikuwahi kugusana. Ukiona gundi nyembamba inayong'aa upande mmoja, na upande wa pili mbao iko karibu tupu, gundi ilikauka kabla hujabana. Ukiona unga mweupe, gundi ilipatwa na baridi. Gundi ikiwa laini, inavutika kama mpira, basi mbao ilikuwa na maji au umetumia gundi isiyofaa. Na ukiona nyuzi za mbao zimeng'oka na kubaki upande wa pili, gundi ilifanya kazi yake yote. Tafuta kosa kwenye mbao au kwenye ukali wa mpindo.

*Mwanya* ndiyo sababu ya kwanza. Gundi nyeupe haijazi nafasi. Inataka nyuso zigusane hadi ibaki tabaka jembamba kama karatasi. Jaribu kwanza kavu, bila gundi: panga fito, bana kama utakavyobana siku ya kazi, kisha chukua ukurasa wa daftari na ujaribu kuuingiza kati ya fito kila sm 5. Ukiingia, gundi haitaokoa kitu hapo. Jaribio hili linachukua robo saa, na ukinipa nafasi ya kufundisha jambo moja tu kuhusu kazi hii, ni hilo.

Mwanya unatoka wapi? Mara nyingi ni vibano vichache. Nikiwa na mbao ngumu naweka kibano kila sm 8 hadi 10, naanza katikati ya mpindo na kwenda kwenye ncha, kushoto kimoja, kulia kimoja. Piga hesabu uone kwa nini. Kipande cha sm 40 kwa sm 5 kina eneo la sm 200 za mraba. Mbao ngumu inataka angalau kilo 7 kwa kila sentimita ya mraba, yaani kilo 1,400 kwa kipande chote. Kibano kimoja cha mkono hutoa kilo mia chache tu. Vibano vinne kwenye kipande kama hicho vinaonekana vimekaza, lakini havitoshi.

Lakini kuna mwanya mwingine ambao hata mafundi wazoefu hawauoni. Mtu anachora mstari mmoja wa mpindo kwenye boriti, anakata kwa msumeno mara moja, na kutumia nusu zote mbili kama kalibu ya dume na jike. Inaonekana sawa. Haiwezi kuwa sawa, kwa sababu fito zina unene. Kama upande wa ndani una nusu kipenyo cha sm 30 na rundo lako lina unene wa mm 24, upande wa nje unapaswa kuwa na nusu kipenyo cha sm 32.4. Ukitumia mstari mmoja, kalibu inabana katikati na kuacha wazi pembeni, au inabana ncha na kuacha katikati, na hata ukaze mpaka mkono uume, haitakaa. Chora mistari miwili kwa kamba na penseli kutoka kituo kimoja, utoe mbao yote iliyo kati yake. Kama kalibu imeshakatwa vibaya, tumia nusu ya ndani tu, na upande wa nje ubane kwa vipande vifupi vya mbao ngumu, kimoja chini ya kila kibano, juu ya ufito wa akiba usio na gundi. Asiye na vibano vya kutosha anaweza kukata mpira wa ndani wa baiskeli kuwa utepe mrefu, kisha auzungushe juu ya kila kitu kwa kuuvuta sana, mizunguko ikipandana. Mpira haubani kwa nguvu kama chuma, ila unabana kila mahali, na kwa fito za mm 2 unatosha.

*Baridi* ni sababu ya pili hapa kwetu. Watu wa nje wanadhani Kongo yote ni joto, lakini usiku wa Juni na Julai Lubumbashi hushuka chini ya nyuzi 10. Gundi nyeupe ni chembe ndogo za plastiki zilizoelea kwenye maji. Maji yakitoka, chembe zinapaswa kuyeyukiana na kuwa kitu kimoja. Kukiwa na baridi zinakauka kila moja peke yake, na unabaki na chokaa. Soma chupa: nyingi hutaka mbao, gundi na hewa visiwe chini ya nyuzi 10, nyingine hutaka 12 au 13.

Nilijifunza hili kwa kiti cha mama yangu. Nilibana miguu yake ya kubembea saa kumi na mbili jioni, mwezi wa saba, nikafunga banda, nikalala. Asubuhi mama alikuja na chai, akapitisha kidole kwenye ukingo wa mbao, akakiangalia. "Mwanangu, nani amemwaga unga hapa?" Ulikuwa mweupe na mkavu kabisa, kama unga wa bukari (ugali). Nilifungua kibano cha kwanza, na fito saba zikafunguka kama kitabu. Mbao ile nilikuwa nimeitafuta miezi miwili.

Siku hizi katika miezi hiyo nabana saa nne asubuhi, jua likiwa limeingia. Mbao na chupa ya gundi hulala ndani ya nyumba usiku uliotangulia, kwa kuwa mbao baridi hupoza gundi hata hewa ikiwa na joto. Jioni nalaza chupa za maji ya moto kando ya kalibu na kufunika vyote kwa blanketi. Usiwashe mbabula (jiko la makaa) ndani ya karakana iliyofungwa. Moshi wa makaa una gesi isiyo na harufu wala rangi, na inaua mtu akiwa amelala. Kichwa kikianza kuuma au ukahisi kizunguzungu, toka nje mara moja, na mpeleke hospitali aliyezidiwa. Kazi ya mbao inaweza kurudiwa.

*Gundi kukauka kabla ya kubana* ni ugonjwa wa Septemba na Oktoba, joto likiwa kali na hewa kavu. Gundi nyeupe ya kawaida inakupa dakika 5 hadi 10 tangu kupaka, na chini ya bati la mchana hata tano hazifiki. Fito nane zina nyuso kumi na nne za kupaka. Fanya kazi alfajiri. Mimina gundi, itandaze kwa kadi ya plastiki yenye meno au kwa rola ndogo badala ya brashi, na uwe na msaidizi anayepanga wakati wewe unapaka. Kiasi kinachotosha ni gramu 150 hadi 200 kwa mita moja ya mraba, na baada ya kubana unapaswa kuona shanga ndogo za gundi zikitoka ukingoni kwa urefu wote. Palipokosa shanga, hapo ndipo patakapofunguka. Bado unachelewa? Gawa kazi: bana fito nne leo, nne nyingine kesho juu ya zile za kwanza.

*Mbao mbichi.* Muuzaji atakuambia imekauka. Pima mwenyewe: kata kipande kidogo katikati ya ubao, si kwenye ncha, kipime kwenye mizani ya jikoni, kikaushe ndani ya oveni kwa nyuzi kama 103 mpaka uzito uache kupungua, kisha pima tena. Kama kilikuwa gramu 120 na kimebaki 104, maji yalikuwa gramu 16. Gawanya kwa 104, ni zaidi ya asilimia 15. Hiyo ni nyingi. Nagundisha mbao iliyo kati ya asilimia 8 na 12. Usiondoke jikoni oveni ikiwa inawaka na mbao ndani.

*Uso wa mbao.* Kisu butu cha mashine hakikati nyuzi, kinazisugua na kuzilaza hadi uso ung'ae, na gundi haipenyi. Dondosha tone la maji: likinywewa baada ya muda mfupi, sawa, likisimama kama ushanga, pitisha randa kali au msasa namba 80, ufute vumbi, ugundishe siku hiyohiyo. Alama za kina za msumeno nazo hazifai, kila mfereji ni mwanya.

*Gundi yenyewe.* Nayo inawezekana. Kuna inayouzwa ikiwa imeongezwa maji, na kuna iliyokaa dukani miaka. Gundisha vipande viwili vya takataka, acha siku moja, vunja kwa nyundo. Ikivunjika mbao, gundi ni nzima. Na tafadhali, kole ya viatu, ile ya njano inayonuka petroli, si ya kazi hii. Inashika papo hapo na ndiyo maana watu wanaipenda, lakini haikauki kuwa ngumu. Mpindo unaivuta kidogo kidogo, na baada ya miezi fito zimehama zenyewe.

Je, kipande kilichoachana kinaokoleka? Kikiwa kimefunguka ncha tu, sm 5 au 10, safisha kwa msasa ulioingizwa mle ndani, sukuma epoksi (gundi ngumu ya kuchanganya sehemu mbili) kwa bomba la sindano, bana siku nzima. Usirudie na gundi nyeupe: haishiki vizuri juu ya gundi nyeupe iliyokwisha kukauka. Vaa glavu, kwa sababu ngozi ikishaanza kuikataa epoksi haiizoei tena. Kikiwa kimefunguka katikati ya mpindo na kinabeba mtu, kiache. Tengeneza kingine.

Mpindo unanyooka baada ya kutoka kwenye kalibu

Kunyooka kidogo si kosa. Ni tabia ya mbao, na inahesabika. Fito zote zikiwa na unene mmoja na gundi ikiwa ngumu, mpindo hurudi kwa sehemu moja ya idadi ya fito mara idadi ya fito. Fito 3: sehemu moja ya 9. Fito 4: moja ya 16. Fito 6: moja ya 36. Fito 8: moja ya 64. Kwa mpindo wenye kina cha sm 20, fito 3 zitakurudisha nyuma zaidi ya sm 2, fito 6 kama mm 5 na nusu, fito 8 kama mm 3. Kwa hiyo anayelalamika kwamba kiti kimenyooka, swali langu la kwanza ni: "Ndugu, uliweka fito ngapi?" Jibu huwa tatu.

Tiba ni kuongeza fito na kuzipunguza unene, halafu kupinda kalibu zaidi kwa kiasi ulichohesabu.

Ikiwa mpindo umerudi zaidi ya hesabu, kuna uwezekano ulifungua mapema. Chupa inasema dakika 30 au saa moja, lakini maelezo hayo ni ya mbao zilizonyooka zisizovutana. Fito zilizopindwa mimi naziacha saa 24, na wakati wa baridi saa 48. Sababu nyingine ni gundi nyeupe yenyewe, ambayo hata ikikauka hubaki na ulaini kidogo na kuachia polepole kwa miezi. Kwa kazi inayovutwa sana natumia epoksi au gundi ya unga ya urea, ambayo hukauka ikawa ngumu kama kioo. Gundi ya urea hutoa mvuke wa formaldehidi: ichanganye nje, mgongo ukiwa upande upepo unakotoka, na barakoa usoni.

Miguu miwili ya kiti cha kubembea haifanani hata ukitumia kalibu moja? Usiibane mara mbili. Tengeneza rundo moja pana, sm 9 kwa mfano, kisha upasue katikati kwa msumeno. Ni mapacha wa tumbo moja, watarudi kwa kiasi kilekile.

Ufito unavunjika wakati wa kupinda

Unene, kwanza. Kipimo cha kuanzia kwa mbao ngumu kavu: nusu kipenyo kisipungue mara 100 ya unene wa ufito. Ufito wa mm 3 unapindika kwa nusu kipenyo cha sm 30, wa mm 2 kwa sm 20. Mbao nyingine zinakubali zaidi ya hapo, ila zijaribu kabla: pinda ufito mmoja wa akiba mpaka uvunjike, upime ulivunjikia wapi, kisha ubaki mbali na hapo.

Pili, mwelekeo wa nyuzi. Ufito ambao nyuzi zake zinatoka upande mmoja na kuishia upande mwingine kwa mshazari utavunjika hata uwe mwembamba. Dondosha wino wa kalamu kwenye ubavu wa ufito: wino hukimbia kufuata nyuzi, nawe unaona njia yake. Huo mshazari ukiwa mkali, weka kando. Mafundo ni hivyohivyo, hata dogo la ukubwa wa punje ya mchele likikaa upande wa nje wa mpindo. Katika mbao zinazopatikana hapa, mulombwa ulionyooka nyuzi hunipa kazi nzuri. Kambala ni mbao nzuri pia, lakini nyuzi zake hupishana, tabaka moja kwenda huku na jingine kule, na kwa mipindo mikali inavunjika bila kukuonya.

Tatu, haraka. Kaza kibano, subiri, kaza tena.

Mpindo ukiwa mkali sana kwa unene ulionao, lowesha fito kwa maji yanayochemka nusu saa, zifunge kwenye kalibu bila gundi, uziache zikauke siku kadhaa, ndipo ufungue na kugundisha. Anayegundisha fito mbichi za maji siku hiyohiyo nimeshasema itakavyoisha.

Hapa nasisitiza jambo la kupasua fito. Kukata ukanda wa mm 3 kwenye msumeno wa meza ndiyo sehemu ya hatari kuliko zote. Ufito ukinaswa kati ya diski na kizuizi (ubavu wa kuongozea mbao), unarushwa nyuma kama mshale. Ufito uangukie upande wa nje wa diski, si kati ya diski na kizuizi; tumia kijiti cha kusukuma, usisimame nyuma ya diski. Kama huna kijiti, au diski haina kinga, au ubao ni mfupi kuliko sm 40, usikate. Peleka kwenye karakana yenye msumeno wa mkanda, ulipe, urudi na fito zako na vidole vyako. Na kurani (umeme) ikidhoofika, ukasikia mota inanguruma bila kuzunguka vizuri au inatoa harufu ya kuungua, zima, chomoa, mwite fundi wa umeme. Vumbi la mulombwa linawasha pua na kifua. Fanya kazi na barakoa, na mwenye pumu asikate kabisa.

Fito zinateleza, au kipande kinatoka kimesokotwa

Gundi mbichi ni kama sabuni. Ukikaza kibano cha kwanza kwa nguvu, fito zinakimbia kando. Baada ya kupaka, zipange, kaza vibano kidogo tu, subiri dakika moja au mbili gundi ianze kunata, zipange tena, ndipo ukaze. Acha kila ufito uwe mrefu kwa sm 5 kila upande na mpana kwa mm 5 au 6 kuliko unavyotaka. Hapo kwenye ziada unaweza kupigilia msumari mdogo wa kuzishika, na baadaye utaikata ziada hiyo.

Kusokotwa kunatoka kwenye kalibu isiyokaa sawa au vibano vyote kuwa upande mmoja. Laza kalibu juu ya meza iliyonyooka, weka kibano kimoja juu na kinachofuata chini. Kabla gundi haijashika, weka rula mbili ndefu juu ya ncha mbili, funga jicho moja, tazama: kingo za rula zikiwa sambamba, endelea. Kipande kilichokauka kikiwa kimesokotwa hakirekebishiki kwa kukivuta. Ondoa kwa randa unachoweza, au ukitumie kwa kitu kingine.

Kimenasa kwenye kalibu

Kabari za mbao, polepole, upande huu na ule. Usipige nyundo. Mara nyingine funika kalibu kwa skochi pana (utepe wa kunata) au nailoni, au sugua mshumaa juu yake, na uangalie nta isiguse nyuso za kugundishwa.

Madoa meusi chini ya vibano

Chuma, maji ya gundi na asidi ya mbao vimekutana, hasa kwenye mikaratusi. Weka kipande cha nailoni kati ya chuma na mbao. Doa la juu linatoka kwa msasa.

Kipande kilichotoka kizuri kinapasuka miezi baadaye

Angalia tarehe. Kazi iliyogundishwa Januari au Februari, mvua ikiwa imejaa, na ikapasuka Septemba, ilikuwa na maji ndani. Lubumbashi ina miezi mingi bila tone la mvua, na mbao inakauka hadi moyoni. Hata kipande kizima kisichopasuka hubadilika: kikikauka, unene wake unapungua wakati urefu wake unabaki karibu vilevile, kwa hiyo mpindo unajifunga kidogo, mvua zikirudi, unajifungua. Fremu ya mlango ikibana majira fulani na kuachia majira mengine, hilo ndilo jambo lenyewe. Wacha nafasi ya mm 2 au 3 pembeni.

Kagua hivi. Ufa uko kwenye ncha tu? Ncha hazikufungwa; ncha hupoteza maji upesi kuliko ubavu. Zipake vanishi tabaka mbili siku unayokata. Ufa uko kwenye mstari wa gundi upande unaopigwa na jua? Gundi nyeupe hulainika kwenye joto, na kitu kilicho chini ya bati au kwenye baraza la magharibi hupata joto kubwa mchana. Kwa kazi ya nje tumia epoksi, uifunike vanishi ya nje. Ufa unapita ndani ya ufito mmoja, si kwenye gundi? Ufito huo ulikuwa na maji mengi kuliko wenzake, au ni wa mbao tofauti. Fito zote zitoke ubao mmoja, zikae pamoja chumba kimoja wiki mbili kabla ya kugundishwa. Na vanishi ipakwe pande zote, hata usipoonekana.

Kiti kinalia mtu akikaa

Geuza kiti, gonga kwa kifundo cha kidole kuanzia ncha hadi ncha. Palipo pazima sauti ni kali na fupi. Palipoachana sauti inakuwa nzito, kama ya boksi. Weka alama ya chaki. Mara nyingi utakuta si fito zinazolia bali skrubu iliyotoboa mpindo bila tundu kutayarishwa, ikazifungua fito kutoka ndani. Toa skrubu, sukuma epoksi, bana, na baada ya kukauka toboa tundu upya kwa kipimo sahihi. Kama sauti ya boksi inaenea zaidi ya sm 10, au iko katikati ya mguu, kiti kisikaliwe tena; kigeuze ukutani ili mgeni asije akakalia bila kujua.

Kuna kazi ambazo sizipokei, hata mteja akisihi: tao linalobeba paa, kishikio cha ngazi ya ghorofa, kizuizi cha baraza la juu, kitanda cha mtoto kilichokwisha kufunguka. Hizo zinataka hesabu ya uzito, gundi iliyothibitishwa na kibano cha mashine. Aliyekuja wiki iliyopita na mguu wa kitanda cha mwanawe nilimrudishia bila kuugusa, nikamwonyesha kwa ncha ya patasi mahali ambapo gundi ilikuwa inang'aa.